Sifa za Kitanzi cha Shaba

Antena ndiyo sehemu ya droni ambayo watu hawana habari nayo. Kidude kikiruka juu ya mto Lualaba hapa Kindu, watazamaji huuliza betri inadumu muda gani na kamera inaona mbali kiasi gani. Hakuna anayeuliza ule mkunjo wa shaba uliosimama mgongoni umekunjwa na nani. Nataka kuusifu huo, maana kila picha anayoiona mrushaji kwenye miwani yake imepita hapo kwanza, na ni kitu ambacho mtu anaweza kukitengeneza mezani kwake kwa koleo, rula na chuma cha kulehemu.

Antena ya fimbo moja hutoa wimbi linalotikisika upande mmoja tu: fimbo ikisimama, wimbi hupanda na kushuka. Droni nayo haitulii wima. Ikikata kona hulala ubavu, fimbo yake hulala nayo, ile ya chini bado imesimama, na picha inakatika. Mkunjo wa shaba, yaani antena ya vitanzi, hutoa wimbi la mviringo, linalosonga mbele huku likijizungusha, ama kwa mkono wa kulia ama wa kushoto, hivyo droni ilale, ipinduke, mzunguko unabaki uleule. Sharti ni kwamba antena ya juu na ya chini ziwe za mkono mmoja. Ukizichanganya, nguvu inayofika inaweza kushuka hadi sehemu moja ya mia.

Faida ya pili naiona kubwa zaidi kwa mji wa mabati kama wetu. Wimbi la mkono wa kulia likigonga bati hurudi likiwa la mkono wa kushoto, na antena ya mkono wa kulia hulikataa. Kurusha juu ya paa za mtaa wa Kasuku, au karibu na mabehewa ya chuma pale gari la moshi linapoishia, ni kurusha kati ya vioo, na antena nzuri ndiyo inayojua sura ipi ni ya kweli.

Mafundi wetu wanaijua kazi ya antena kwa mikono, hata kama hawaitaji kwa jina. Enzi za foni, yaani redio za mawasiliano, kabla ya simu za mkononi, walikuwa wakipima waya wa antena na kuutundika mtini ili wafanyabiashara na misheni wasikilizane kutoka mji hadi mji. Kisha zikaja parabola kubwa za bendi ya C, bendi inayostahimili mvua za ikweta. Setelaiti za Intelsat zilizorushia Afrika kwa bendi hiyo zilitumia mawimbi ya mviringo, na fundi aliyezifunga alichomeka kipande cheupe cha teflon katika mdomo wa kipokezi, akakilaza nyuzi 45, na picha ikatulia. Kijana anayekunja antena ya droni leo anaendeleza kazi hiyo, ila vipimo vimekuwa vidogo mno.

Na udogo huo ndio utamu wa kazi. Video ya droni hizi hurushwa kwa gigahezi 5.8, na hapo wimbi moja lina urefu wa milimita 52 hivi. Antena ya vitanzi hukatwa kwa kipimo hicho: kila kitanzi ni milimita 13 kutoka katikati kwenda nje, 26 za upinde, 13 za kurudi. Waya mzito wa nyaya za nyumba, uliomenywa na kunyooshwa, unafaa sana. Ncha moja ya kitanzi inalehemiwa kwenye uzi wa kati wa kebo, ya pili kwenye ganda lake, halafu vitanzi vyote vinainamishwa nyuzi 45 upande mmoja. Ukiinamisha upande wa pili, umegeuza mkono. Ukizidisha milimita moja tu katika kila kitanzi, antena inahama kwa megahezi 110 hivi, zaidi ya theluthi ya bendi nzima ya chaneli. Ndiyo maana namheshimu mtu ambaye vitanzi vyake vitatu ukivipima vinalingana.

Vitatu au vinne? Desturi ya warushaji ni vitatu kwenye droni na vinne chini kwenye kipokezi, na mimi naifuata. Vinne hutoa mzunguko ulio duara kamili zaidi, kwa hiyo hukataa mwangwi vizuri zaidi.

Antena ya msokoto ina tabia nyingine kabisa. Mwaka 1946, John Kraus wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio alimuuliza mhadhiri mgeni kama waya uliosokotwa unaweza kuwa antena. Akajibiwa kwamba umeshajaribiwa na haufai. Akarudi nyumbani, akausokota mwenyewe, ukafanya kazi. Leo setelaiti za GPS, zinazoiambia simu ya mtu wa Kindu yuko wapi, zinarusha kwa misokoto ya aina hiyo. Unaweza kuuzungusha waya wa msokoto kwenye bomba la nyaya la milimita 16, na hata mzingo ukipungua au kuzidi kidogo hausumbui. Lakini lazima uuelekeze kwa droni. Kitanzi kinadai kipimo na kinasamehe upande. Msokoto unasamehe kipimo na unadai upande.

Msituni hakuna mshindi. Majani mabichi hunywa gigahezi 5.8, na afadhali mtu ashuke kwenye masafa ya chini.

Mto ndio mtihani halisi, na hapa sifa nyingi za antena hizi zinahitaji kupunguzwa. Maji si bati. Wimbi likiyapiga kutoka juu hugeuka mkono, lakini likiyaparuza kwa chini ya nyuzi sita au saba, hurudi na mkono uleule na antena inalipokea kama la kweli. Simama ukingoni kwetu, urushe kuelekea Alunguli, ng'ambo ya pili: droni ikiwa mita 500 mbali na chini ya mita 60 hivi juu ya maji, uko ndani ya eneo hilo. Msokoto hauokoi, kwa kuwa mawimbi yote mawili yanakuja karibu kutoka pembe moja. Kinachosaidia ni kupaa. Au, kwa anayetaka kupita chini kwenye mitumbwi, kufunga antena mbili za vitanzi vinne kwenye mti mmoja na kipokezi kinachochagua iliyo na nguvu, moja ikiwa juu ya nyingine kwa sentimita 20 hivi. Droni ikiwa mita 30 juu na mita 500 mbali, pale ambapo wimbi la moja kwa moja na la majini yanafutana kwenye antena ya chini, kwenye ile ya juu yanasaidiana.