Tia Mkono Uone

Anayetaka kusikiliza sayansi jijini Guangzhou hakosi pa kwenda. Kiko Kituo cha Sayansi cha Guangdong, jumba kubwa lililofunguliwa mwaka 2008 kwenye kisiwa cha Xiaoguwei, jirani na vyuo vikuu, na huko hutolewa mihadhara ya hadhara yenye jina la kisiwa hicho. Mnenaji jukwaani, picha ukutani, maswali mwishoni. Ila mhadhara wa jiji hili unaonivutia kuliko yote haukuwa na ukumbi. Ulitolewa kwenye visiwa viwili vya mtoni, Shazai na Dadaosha, na chombo chake kikuu kilikuwa tundu la wavu lililojaa mbu. Unatia mkono, unauacha humo, unautoa. Hakuna hata kipele.

Haja ya mhadhara huo ilitokana na msiba. Mwaka 2014 homa ya kidingapopo ililipuka mkoani Guangdong, wagonjwa wakapita 45,000, wengi wao wakiwa wa Guangzhou. Mwenezaji alikuwa Aedes albopictus, mbu mweusi mwenye madoa meupe, anayetaga kwenye kisahani cha chungu cha maua au kopo lililoachwa mvuani. Machi 2015 timu ya Profesa Xi Zhiyong, wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen na Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, ikaanza kuachia mbu wa maabara kisiwani Shazai. Hebu jiweke mahali pa mwenyeji. Mgeni anabisha hodi, anasema amekuja kukuondolea mbu, na dawa aliyokuja nayo ni mbu.

Jibu la watafiti lilikuwa fupi: hawa ni madume, na mbu dume haumi. Kweli tupu. Ni jike tu anayefyonza damu, kwa ajili ya mayai yake. Dume hunywa utomvu mtamu wa maua. Tundu la wavu liliigeuza kauli hiyo kuwa jambo ambalo mtu angeweza kulijaribu mwenyewe, bila kumwamini profesa wala mwenyekiti wa kijiji.

Hapa ndipo uchambuzi wenyewe unapoanza, maana kauli "hawaumi" ni rahisi kuitamka na ngumu mno kuitengeneza. Madume hao walipandikizwa bakteria aitwaye Wolbachia, wa aina ambayo mbu wa porini wa spishi hiyo hana. Dume mwenye bakteria huyo akimpanda jike wa porini, mayai hayaanguliwi. Lakini majike wachache wa kiwandani wakiponyoka pamoja na madume, mambo yanageuka: wao wana bakteria yule yule, mayai yao yanaanguliwa vizuri, na watoto wanarithi. Badala ya kuwamaliza mbu, utakuwa umeleta ukoo mpya wa mbu wanaouma.

Kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya kuchambua, kama mpishi anayetoa mawe kwenye mchele. Pupa wa kiume ni wadogo kuliko wa kike, basi hutenganishwa kwa ukubwa. Njia hiyo huacha majike wachache, na kuwatafuta mmoja mmoja kwa macho ya binadamu kunakwamisha kiwanda. Timu ikaongeza hatua: pupa wakapigwa mionzi kidogo, kiasi cha kumfanya jike tasa bila kumdhoofisha dume. Hapo kazi ya macho ikaondolewa, na idadi ikapanda hadi mbu zaidi ya 160,000 kwa hekta moja kwa wiki. Jike aliyepenya aliweza bado kuuma, lakini hakuweza kuacha mtoto.

Naona watu wengi wanaozungumzia "elimu kwa umma" huisahau sehemu hii. Walichokisema wanasayansi kijijini kilikuwa kimewekewa msingi kiwandani. Kama uchambuzi ungekuwa mbovu, hakuna ufasaha ambao ungeliokoa tundu lile siku mwenyeji atakapotoa mkono umevimba.

Unguja ilipita njia inayofanana na hiyo mapema zaidi, tena bila silaha ya tundu. Kuanzia 1994 hadi 1997 mbung'o madume zaidi ya milioni 8, waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, walidondoshwa kisiwani kwa ndege ndogo. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Ila mbung'o dume naye hunywa damu, sawa na jike. Mwambie mfugaji wa Unguja atie mkono, atakutia wewe kwanza.

Matokeo ya Guangzhou yalichapishwa katika jarida la Nature Julai 2019. Katika misimu ya 2016 na 2017 majike wa porini visiwani walipungua kwa hadi asilimia 94, na zilipita wiki kadhaa bila kunaswa mbu wa porini. Lililonigusa zaidi ni la pembeni: wenyeji wengi walizidi kuuunga mkono mradi baada ya mbu kuachiwa, walipoona jioni zao hazina tena kuumwa. Tundu liliwafanya wavumilie tu. Ngozi zao ndizo zilizowashawishi.

Tatizo ni ukubwa. Visiwa vilichaguliwa kwa sababu maji huzuia mbu wa nje, na hata hivyo waliobaki walidhaniwa kuingia kutoka ng'ambo. Sensa ya 2020 iliwahesabu wakazi wa Guangzhou kuwa zaidi ya milioni 18. Hao huwezi kuwabishia hodi na tundu mkononi. Mwaka 2025 homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu, ilipozuka Foshan, mji unaopakana na Guangzhou, na wagonjwa kupita 7,000 mwanzoni mwa Agosti, wakaguzi walitafuta maji yaliyotuama majumbani na aliyekaidi alikabiliwa na faini. Droni zikapita juu zikipekua mapaa. Wanasayansi nao wakaachia mbu wakubwa ajabu, ambao viluwiluwi wao hula viluwiluwi wa mbu wengine, na jambo la kwanza la kuwaambia watu likawa lile lile la Shazai: hawa hawaumi.