CNET ilifuta kura zake yenyewe

Hukumu naitoa mapema: uamuzi wa CNET, tovuti ya habari za teknolojia, wa kufuta maelfu ya makala zake za zamani ili ipande kwenye Google ulikuwa mbovu. Ulikuwa mbovu kiufundi kabla hata hatujagusa heshima ya waandishi waliozitolea jasho. Tovuti ya Gizmodo ilifichua habari hiyo Agosti 2023, na wengi wenu mliifuatilia. Narudi kwenye uamuzi huo leo kwa sababu bado unaigwa. Mwenye blogu ya mapishi, ya ufugaji au ya vipuri vya pikipiki akiuliza kwa nini haonekani ukurasa wa kwanza, mtaalamu wa SEO, yaani wa kuzipandisha tovuti kwenye utafutaji, anamwambia afute makala za zamani, kisha anamtolea CNET kama ushahidi.

Tuangalie hoja yao. Waraka wa ndani wa CNET ulisema kwamba kupunguza makala kunaipa Google ishara kuwa tovuti ni mpya, inakwenda na wakati na inastahili kuwekwa juu ya washindani. Vigezo vilivyotajwa ni idadi ya wanaoifungua makala, viungo vinavyoielekea kutoka nje, na muda uliopita tangu iguswe mara ya mwisho. Katika hivyo vyote hakuna kinachouliza kama kilichoandikwa ni kweli, wala kama msomaji atakipata kwingine. CNET ilianza mwaka 1994. Iliripoti kuzaliwa kwa bidhaa ambazo leo zimo kwenye makumbusho. Makala ya 1999 kuhusu kompyuta iliyotoka mwaka huo haiwezi kuwa na wasomaji wengi sasa, lakini anayeitafuta anaitaka hiyo hiyo, na hakuna makala mpya itakayoziba pengo lake.

Sasa tazama kinachotokea ukurasa unapofutwa. Anwani yake inaanza kujibu 404 au 410, yaani ukurasa haupo. Roboti wa Google akirudi na kukuta jibu hilo hilo, anautoa ukurasa kwenye faharasa. Viungo vyote vilivyokuwa vikiuelekea, kutoka vyuo, magazeti na blogu za watu, vinabaki vinaelekea shimoni. Hapo ndipo hesabu yao ilipovunjika. Larry Page na Sergey Brin walipoeleza PageRank mwaka 1998 wakiwa Stanford, msingi wake ulikuwa kwamba kiungo ni kura, na kura ya mwenye uzito ina uzito zaidi. Google ya leo inatumia ishara nyingine nyingi, ila kura haijaacha kuhesabiwa. Tovuti kongwe kama CNET ina utajiri ambao mshindani mpya hawezi kuununua kihalali: kura zilizopigwa kwa hiari kwa karibu miaka 30. Ukifuta ukurasa, unafuta na kura zake.

Watanijibu kwamba kuna 301, amri inayompeleka msomaji kutoka anwani ya zamani hadi nyingine. Sawa, uelekezaji wa 301 unaokoa kura pale tu ukurasa unaopelekwa msomaji unapojibu swali lile lile alilokuja nalo. Ukichukua makala mia na kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo, Google huzihesabu kama 404 iliyojificha, na msomaji aliyefuata kiungo anajikuta sebuleni bila mwenyeji. Bado hatujataja viungo vya ndani. Makala mpya ziliegemea za zamani kwa maelezo ya msingi. Ukiiondoa ya chini, ya juu inabaki na kiungo kilichokufa.

Hoja ya pili ni bajeti ya roboti, kwamba Google inapoteza muda kwenye kurasa zilizochoka na kuchelewa kufika kwenye mpya. Mwongozo wa Google wenyewe unasema jambo hilo linahusu tovuti zenye kurasa zaidi ya milioni moja zinazobadilika kila wiki hivi, au zaidi ya elfu kumi zinazobadilika kila siku. CNET ingeweza kujitetea hapo. Mwenye blogu ya makala mia tatu hana hata pa kusimamia, kwa hiyo anayemuuzia dawa hiyo anamtibu maradhi asiyonayo.

Google haikukaa kimya. Danny Sullivan, aliyekuwa msemaji wake wa masuala ya utafutaji, aliwaambia watu hadharani wakati huo huo kwamba kufuta makala kwa kudhani Google haipendi vya zamani ni kufuata kitu kisichokuwepo. Alieleza kuwa kwenye tovuti kubwa sana kuondoa kurasa huenda kukamrahisishia roboti kazi, ila hakuifanyi tovuti nzima ionekane bora ghafla. Najua mtanikumbusha tangazo la Agosti 2022, ambamo Google ilisema kuondoa maudhui yasiyo na msaada kunaweza kuzinufaisha kurasa zilizobaki. Lisomeni tena. Lilihusu kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya injini ya utafutaji, zisizomwongezea binadamu chochote. Umri haukuwa kosa.

Kama CNET ilitaka kurasa za namna hiyo, ilikuwa nazo. Tangu Novemba 2022 ilichapisha makala 77 za fedha zilizotungwa kwa programu ya akili mnemba, na Januari 2023 ikalazimika kuweka masahihisho kwenye 41. Kisu kingeanzia huko.

Walichofanya vizuri ni kuwajulisha waandishi siku 10 kabla na kupeleka nakala kwenye hifadhi ya Internet Archive.

Ugonjwa huu wa kutaka kuihadaa Google una ndugu zake, na nimeupigia kelele ukoo mzima kwenye safu hii. Yupo wa viungo vya kununua. Rap Genius, tovuti ya mashairi ya rap iliyokuwa na maelezo mazuri kuliko washindani wake wote, Desemba 2013 iliwaahidi wanablogu kuwatangaza Twitter wakibandika viungo vya nyimbo za Justin Bieber chini ya makala zisizohusiana kabisa. Siku ya Krismasi Google ikaishusha hata kwa mtu aliyetafuta jina lake, na ilichukua siku 10 kurudi. Yupo wa kubandika tarehe ya leo juu ya makala ya miaka sita bila kubadilisha hata sentensi. Na Google nayo ina lake: mwanzoni mwa 2024 iliondoa kiungo cha nakala iliyohifadhiwa, njia ambayo wengi wetu tuliitegemea kusoma kurasa zilizozimika.

Wakongwe hawakufanya hivi. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti, mwaka 1998 aliwasihi wenye tovuti wachague anwani zitakazodumu na wasizibadilishe. Kwetu Tanzania, wanablogu Ndesanjo Macha na blogu yake ya Jikomboe, na Issa Michuzi aliyeanza mwaka 2005, walijenga jina kwa kuandika kila mara na kwa wanablogu kuelekezana wao kwa wao. Wasomaji waliwakuta kwa njia hizo. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania zilipokuja mwaka 2018 na ada ya leseni ya shilingi 1,000,000, wapo wanablogu waliofunga kwa kushindwa kulipa, na kazi zao zikapotea. CNET haikulazimishwa na mtu.

Kwa mwenye blogu ndogo, kazi yenyewe ni hii. Fungua Search Console ya Google uone makala ipi inaonekana kwenye utafutaji lakini haibofywi, kisha urekebishe kichwa na aya ya kwanza. Makala tatu zinazojibu swali moja ziunganishe kuwa moja, na zile mbili zielekeze kwake kwa 301. Makala ya 2014 inayoeleza chanjo ya I-2 dhidi ya mdondo wa kuku, tone moja jichoni na kurudia kila baada ya miezi mitatu, haijazeeka; iongezee bei za sasa na mahali pa kuipata, kisha makala zako mpya za kuku ziielekee. Iliyokosewa isahihishe na useme umesahihisha nini. Futa kile tu ambacho ungeona aibu msomaji akikiamini. Na atakayekushauri ufute kwa kuangalia tarehe peke yake, mwambie akuonyeshe kwanza viungo vinavyoielekea kila makala na atakapovipeleka. Asipokuwa na orodha hiyo, usimpe nywila yako.