Betri Ihukumiwe Mwisho

Betri ya volti 12 ikizima taa kabla ya saa tatu usiku, lawama huangukia betri yenyewe, na mara nyingi huonewa. Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ambako nyumba na vibanda vya kuchaji simu huishi kwa paneli za jua na jenereta, hukumu hiyo ni ghali, kwani betri mpya hutoka mbali na barabara ni mbovu. Fundi anayestahili sifa hupeleleza kwanza.

Huanza kwa kuipumzisha betri saa kadhaa, haichajiwi wala haitumiwi, ndipo hupima. Volti 12.6 au zaidi ni kujaa, 12.2 ni kama nusu. Ikisoma 10.5 ilhali imechajiwa vizuri, seli moja kati ya sita imekufa, na dawa haipo. Lakini volti peke yake hudanganya: betri iliyochakaa pia huonyesha 12.6. Kwa hiyo huwashiwa taa ya gari ya wati 60 kwa saa mbili. Betri nzima ya ampea-saa 100 hupoteza hapo sehemu moja ya kumi tu ya akiba yake. Iliyokwisha hushuka vibaya. Haidromita, kipimo cha uzito wa asidi, nayo huingizwa seli baada ya seli, kuitafuta ile iliyoachwa nyuma na wenzake.

Betri ikifaulu, mshukiwa yuko kwingine. Waya mwembamba kutoka paani, vichwa vya betri vilivyoota kutu, au chaja isiyofika volti 14.4 huiacha na njaa kila siku, hasa wakati wa mawingu, na salfeti hugandamana kwenye sahani za risasi. Au umeme unavuja: vyote vikidhaniwa vimezimwa, ampea huonekana bado zikitoka, kumbe inveta imesahaulika ikiwaka.

Kuchaji bila kukoma nako huua. Boti za kukaliwa za Ulaya, zilizochomekwa umeme wa gatini mwaka mzima, hukausha maji ya betri na kuacha sahani wazi. Maji ya kuongeza yawe yaliyokenekwa. Ya mtoni Lualaba yana madini, na ya mvua yaliyopita juu ya bati lenye kutu hubeba chuma kinachoimaliza chaji kimyakimya. Asidi isiongezwe; kinachokauka ni maji.

Mteja anayeambiwa anunue mpya kabla ya vipimo hivi abebe betri yake, aende kwa fundi mwingine.