Barabara Ngeni kwa Nani?

Wengi tumezoea kusema dhamira kuu ya Jupiter's Travels (1979) ni ujasiri. Sikubaliani. Ted Simon aliondoka London mwaka 1973 na pikipiki ya Triumph ya cc 500, akazunguka dunia miaka 4, Afrika ikiwemo. Lakini nguvu ya kitabu haiko kwenye mwendo. Iko pale chombo kinapoharibika, msimulizi akabaki kando ya njia akiwategemea watu asiowajua. Hapo nafsi ya kwanza inanyenyekea.

Ninachogombana nacho ni huo ugeni wa barabara. Mimi ni wa Kilosa. Njia ya kwenda Mikumi niliyokulia, vumbi kiangazi, utelezi masika, kwa msafiri wa namna ile ingekuwa sura nzima ya mateso. Kwa kijana wa bodaboda aliyepakia abiria na gunia la mkaa ni kibarua cha siku. Anajua apunguze gia wapi, na akikunja kushoto kuingia lami inayokatiza hifadhi, anajua tembo hapigiwi honi.

Simlaumu Simon, kila msimulizi hutazama kwa macho ya kwao. Wanaonikera ni sisi. Selim bin Abakari alifika Urusi na Siberia mwaka 1896, akasimulia kwa Kiswahili, na masimulizi yake yamo katika Safari za Wasuaheli aliyoihariri Carl Velten (1901). Humo anayetazamwa ni Mzungu. Sasa jamani, mbona semina zetu za fasihi ya safari zinaanza na Mzungu na kuishia na Mzungu?