Ua na Ua

Kiswahili kinauita uzio wa nyumba ua, na kinachochanua juu yake nacho ni ua. Titonia, ile alizeti mwitu ya manjano, inastahili majina yote mawili. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini siku hizi imejaa kandokando ya njia za Kivu. Kwa kuwa hujiotea, nilidhani haihitaji mkono wa mtu.

Mama mmoja wa Mumosho, kusini mwa Bukavu, ndiye aliyenitoa katika dhana hiyo. Bustani yake ya maharagi iko nyuma ya migomba, kwenye mteremko unaoelekea mto Ruzizi, ambako mvua moja kubwa huweza kuondoka na udongo uliotunzwa miaka. Titonia ameipanda kwa mistari inayoukinga mteremko huo.

Hachukui tawi lolote tu. Hulishika, akalipinda taratibu. Likilegea kama utepe, bado changa, litaoza. Anatafuta lililokomaa lakini halijawa kuni. Hulikata mshazari, urefu wa shubiri mbili, akalidunga likiwa limeinama kidogo, mvua za Septemba zikishaulainisha udongo. Halilazi kamwe. Kuanzia Juni hadi Agosti, nyasi zinapokauka, mistari yake hubaki kijani.

Panga lake ndilo ninaloweza kulitazama asubuhi nzima. Hukata majani kabla maua hayajafunguka, yakiwa laini bado, akayafukia kabla ya kupanda. Ndani ya wiki chache yameshaoza. Watafiti waliofanya kazi magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 walipima: kilo 100 za majani makavu zina nitrojeni kilo 3.5 hivi, na potasiamu kama kilo 4. Yeye huchota udongo, akaufinya, akaunusa, akajua kama umeshiba. Mimi niliufinya pia na sikujua lolote.

Mwishoni mwa kila mstari huacha mashina mawili yachanue. Ya nyuki, aliniambia. Hata hayo hayaachi yafike mbegu, maana mwaka unaofuata titonia ingeota katikati ya maharagi. Kila asubuhi huyapitia, akigeuza ua mojamoja kwa kidole. Lililoanza kunyauka hulikata. Siku ile alifika kwenye moja lililokuwa na nyuki ndani, akashusha panga, akasubiri.