Wawili Chomboni

Kitabu cha Paul na Rachel Chandler kiitwacho Hostage, kilichotoka mwaka 2011, hakikuandikwa kwa ajili yetu. Walakini pwani yetu imo ndani yake tangu mwanzo. Mume na mke hawa, Waingereza waliokwisha kustaafu, walikuwa wakiishi katika mashua yao ya tanga, Lynn Rival, wakisafiri kisiwa hata kisiwa. Mwezi wa Oktoba 2009 waling'oa nanga Shelisheli, wakashika njia ya Tanga. Tanga hawakuiona. Maharamia wa Kisomali waliwavamia usiku, wakawapeleka nchi kavu, na hawakuachiliwa mpaka Novemba 2010, baada ya siku 388 na kulipwa fidia.

Nimekisoma pamoja na wanafunzi hapa Tunduma, mji ulio mbali na bahari, kando ya Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Swali nililowapa lilikuwa hili: mbona katika fasihi yetu ya pwani ni nadra mno kumwona mume na mkewe ndani ya chombo kimoja?

Wako wasemao ni sitara ya wanawake. Jibu hilo ni nusu ya kweli. Alan Villiers, aliyekuja Zanzibar na Rufiji katika jahazi la Kuwait mwaka 1939, aliwakuta wanawake chomboni. Walikuwa abiria, wamesitiriwa chini ya shetri. Basi sitara haikumzuia mwanamke kusafiri. Mke wa baharia alizuiwa na kazi. Jahazi lilikuwa ghala na duka. Kaskazi lililileta, kusi likalirudisha, na upepo haumngoji mtu. Baina ya pepo hizo mbili fasihi yetu ilijijengea makao, juu ya kungoja. Mwana Kupona amwusia binti yake amuage mume atokapo na amlaki arudipo. Si utendi wa bahari, nakiri. Lakini mtunzi ni mwanamke wa Siu, kisiwani Pate, na mlango wa nyumba ya kisiwani haukosi kuelekea maji.

Kwa akina Chandler chombo chenyewe ndicho nyumba, na safari ni hiari. Maisha hayo ya starehe, kwa haki nisema, hayakunigusa sana. Kitabu kinapata uzito pale watekaji walipoamua kuwatenga. Walikataa kuachana, wakapigwa, kisha kila mmoja akawekwa peke yake kwa miezi. Njaa, joto na bunduki huwa vidogo mbele ya jambo hilo moja. Wamefika kwa nguvu mahali ambapo watunzi wetu walianzia: mume upande huu, mke upande ule, na habari hakuna.

Wanafunzi walilifahamu hilo upesi kuliko nilivyotazamia. Hapa kila mtu aijua foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, na wengi wao wana baba au kaka dereva. Mmoja alisema kwamba mama yake haulizi baba yuko wapi. Huuliza foleni imefika wapi. Nilimsihi aliandike, kwa kuwa sijapata kuona kungoja kukielezwa kwa maneno machache hivyo.

Lakini binti mmoja alinipinga. Wapo wake, alisema, wapandao lori pamoja na waume zao, wakapika chini ya tela na kulala ndani yake, na hakuna aliyewatungia chochote. Pingamizi hilo ni zito, nami sijalijibu. Huenda majahazini nako walikuwapo wawili wawili, ila watunzi walikuwa nchi kavu pamoja na waliobaki, wakaandika walichokiona kutoka pale. Ikiwa ni hivyo, yale niliyoyasema juu ya kazi na pepo yanaeleza tabia ya watunzi zaidi ya tabia ya bahari, na hapana budi niyafanyie kazi upya.

Akina Chandler wenyewe, mashua yao ilipokwisha kutengenezwa, walirudi baharini mwaka 2012, wote wawili.