Ukuta wa bare: ni ukumbusho wa nani?

Tukisikia neno « mila », wengi wetu tunawaza ngoma, ndoa na mambo ya bankambo. Ni wachache wanaowaza ukuta wa bare. Lakini hapa kwetu Katanga kuchora ukutani ni mila ya kweli. Kwa hiyo inafaa tuihukumu kama vile tunavyohukumu ngoma iliyopigwa vibaya.

Tukumbuke kwanza. Mwaka 1926, upande wa Bukama, Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya ukoloni, aliona nyumba ya udongo iliyochorwa. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za tembo. Thiry akamupa karatasi na rangi, na Antoinette, bibi ya Lubaki, yeye pia akachora. Kazi zao zilionyeshwa Bruxelles mwaka 1929 na Genève mwaka 1930. Karatasi zingali zinatunzwa. Ile nyumba ya udongo hapana. Ukuta haukai, na hiyo njo tabia yake ya kwanza.

Halafu, mu miaka ya 1970, wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walikuwa wanauza picha za kutundika mu salo. Watu waliziita « ukumbusho ». Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya inchi yetu, picha zaidi ya 100, mu 1973 na 1974, na Johannes Fabian akazikusanya. Picha ya salo iko na bwana mmoja: mwenye kuilipa njo mwenye kuitazama. Ukuta wa bare ni kitu kingine. Mtu mmoja analipa, na mugini mzima unatazama.

Sasa tuseme juu ya bare moja ya mbali, kando ya reli, kati ya Lubudi na Bukama. Jina lake tunaliacha. Patron aliomba mchoraji amuchoree historia ya ile bare. Kushoto tunaona gari la moshi na wafanyakazi wa reli. Kisha nyumba ya manyasi. Katikati, patron wa kwanza mu koti, mkono juu ya kaso ya pombe. Kisha wapiga gitare, na kuume kabisa mamba muntu anajitazama mu kioo.

Gari la moshi ni kazi nzuri. Moshi wake unapita juu ya nyumba zote mpaka mwisho wa ukuta, kama uzi unaofunga mambo pamoja. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mchoraji amefahamu vizuri: bila reli, hakuna bare pale.

Lakini tuhesabu watu. Wanaume wengi, na mwanamuke hata mmoja, isipokuwa mamba muntu, ambaye si mtu wa mugini. Basi nani alikuwa anatengeneza munkoyo? Nani alikuwa anapika lutuku usiku, wakati serikali ya wakoloni iliikataza? Pombe ya chupa ilianza kutengenezwa Élisabethville mu miaka ya 1920. Mu magini ya mbali, kibuyu cha mama kilitangulia kaso. Mchoraji ameanzisha historia na kaso. Hapo ukuta unadanganya.

Wengine watatujibu: bare ni mahali pa furaha, mambo ya lutuku na polisi ni haya tupu, ya nini kuyachora? Jibu letu ni rahisi. Wazazi wetu walinunua picha ya « Colonie belge », mtu analala chini anapigwa fimbo, wakaitundika mu salo na kula chakula chini yake. Haikuwaondolea hamu. Mtu haogopi ukumbusho mchungu ikiwa ni wake. Anachochukia ni kuona maisha yake yamefutwa.

Kuna jambo lingine. Mu miji na hata mu magini, kampuni za pombe zinapakala kuta za bare kwa rangi zao na jina la chupa, na patron halipe kitu. Hatumulaumu patron: rangi ni bei, na mvua haina huruma. Lakini ule ukuta mupya utasema neno moja tu, kaso, na hakuna mtu atakayebishana nao. Ukuta wa zamani, hata na makosa yake, jioni watu wanabishana mbele yake: hapana, ile nyumba haikuwa pale, hapana, gitare alipiga mukubwa wake. Ule ubishi njo historia yenyewe.

Kwa hiyo tunaomba wanachama na walimu walio karibu na bare za namna hii: kabla ya mvua au rangi ya kampuni, mupige picha ya ukuta kwa telefone, mukae na wazee, na zaidi na bamama waliouza pombe, muandike nani alisema nini. Na kwa wachoraji: ukiitwa kurudilia ukuta, usiulize patron peke yake. Kwa ile bare ya reli, kati ya nyumba ya manyasi na kaso, nafasi iko. Chungu kimoja pale, moto chini yake, na mama mwenye kukipika ameketi kando. Inatosha kusahihisha ukuta mzima.